Matanga Ndani ya Kilabu cha Pombe

Siku ile haijanitoka, mwanangu. Na kwa kuwa umekuja kuninung'unikia kwamba saluni yako hapo Mpanda mjini inadaiwa kibali cha kupiga muziki, kaa nikusimulie. "Nyimbo ni za watu wote, bibi," ukasema. Neno hilo nililisikia miaka ya sabini, na lilinichoma wakati ule kama linavyonichoma leo.

Mama yangu alifariki kijijini kwetu Mwamkulu, mpunga ukiwa umeiva shambani. Mimi nilikuwa na mimba ya kwanza. Matangani nikamlilia kwa wimbo nilioutunga mwenyewe, nikimwita kwa jina lake, nikimuuliza nani atanifundisha kulea. Kijana mmoja wa mjini alikuwa na redio ya kaseti, kitu kigeni kwetu, akainasa sauti yangu. Nilimwona. Lakini mtu anayelia anapata wapi akili ya kukataza mashine?

Haukupita muda nikapeleka mchele mjini. Nikapita karibu na kilabu cha Mzee Gaspari, muuza pombe aliyevuta wateja kwa redio yake, nikasikia sauti yangu mwenyewe. Watu wanakunywa, mmoja anacheza, mwingine anapiga kelele, "Rudia hapo anapomwita mama!" Nilirudi nyumbani na mchele wangu wote.

Shangazi yangu alinisikiliza nikilia, kisha akanifokea.

"Unanililia mimi? Mimi ndiye napiga hiyo redio? Msiba wako uko kilabuni, nenda ukalie huko! Nyie watoto mnalia pembeni halafu mnataka dunia isikie."

Kesho yake tukaenda pamoja. Nilimwomba Mzee Gaspari aache kuupiga wimbo ule. Akacheka.

"Binti, kaseti nimenunua, redio yangu, mawe ya kuiwashia yangu. Nyimbo ni za watu wote."

"Redio ni yako, baba," nikamjibu. "Mama ni wangu."

Hakuzima. Basi nikatandika khanga pale chini, katikati ya wanywaji, nikanyoosha miguu kama wakaavyo wafiwa, nikalia. Shangazi akakaa ubavuni kwangu. Desturi yetu unaijua: penye mfiwa hapachezwi. Aliyekuwa akicheza akaacha. Wanaume wakavua kofia. Wanawake waliokuwa wakiuza dagaa nje wakaingia, wakaketi nasi, wakaitikia kilio. Pombe ikabaki kwenye vikombe, na mimi nikaapa moyoni kwamba nitarudi kesho na keshokutwa, na tumbo langu hilihili.

Mzee Gaspari akazima redio mwenyewe. Akaitoa kaseti, akanipa kwa mikono miwili.

"Sikujua ni mama yako."

"Hukuuliza," shangazi akamwambia. Na kuuliza si ujinga.

Baadaye alitufuata Mwamkulu kuomba wimbo mwingine. Nikampa wa kuvuna mpunga, kwa masharti: msiba ukitokea jirani azime, na anayeuliza ni wa nani aambiwe jina langu. Aliyashika masharti yale mpaka kufa kwake, na sikupata kumwekea kinyongo.

Sasa tuje kwako. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Wateja wako wanavumilia kusukwa nusu siku kwa sababu kuna mtu alikaa akatunga, pengine kwa furaha, pengine kwa machozi. Humjui, wala huwezi kwenda kwake kama Mzee Gaspari alivyokuja kwetu. Kibali hicho, kinacholipia haki za watunzi, ndiyo hodi yako. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: kesho nenda ukakikate, na mpaka utakapokipata, zima redio usuke kimyakimya. Midomo mnayo, pigeni soga! Na siku utakapotunga chako, kikachukuliwa bila kuulizwa, usilie pembeni. Nenda palepale kinapopigwa, ukae, useme ni chako.

Mungu aibariki mikono yako inayosuka, akujazie wateja wema, na kila sauti itakayosikika ndani ya saluni yako iwe imekaribishwa, haikuibwa.