Matembezi ya Supu

Baba mkwe wangu alichimba makaa ya mawe miaka mingi kwenye migodi ya kusini, ng'ambo ya mpaka, kabla hajaja kujenga Temeke. Alirudi na kikohozi, koti zito lisilovalika kwa joto la kwetu, na mapenzi makubwa ya chumvi. Kule chini ya ardhi, alisema, walitoka jasho hadi misuli ikakaza, ndipo msimamizi akawapa chumvi watie kwenye maji ya kunywa.

"Chumvi ndiyo iliyonileta hapa nikiwa hai," alituambia, huku akiinyunyiza juu ya ng'onda, samaki mkavu ambaye tayari alikuwa chumvi tupu.

Rafiki yake, jirani yetu ukuta kwa ukuta, alikuwa amechimba naye shimo moja. Wote wawili walikuwa na vitambi na kiko mdomoni, na waliamini kwamba mtu aliyenusurika kuangukiwa na mwamba hawezi kuuawa na mafuta ya mbuzi.

Mimi nilikuwa bi harusi mpya nyumbani pale walipoanza kuamka na maumivu ya kisogo. Wakaenda zahanati pamoja. Dresa akawafunga kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akaguna. Damu yenu inakwenda kwa nguvu mno, akawaambia. Chumvi basi, mafuta basi, tumbaku basi. Na kila asubuhi mtembee.

Mavyaa, yaani mama wa mume wangu, alihamishia chumvi sandukuni chini ya kanga zake siku hiyohiyo. Wazee hawakubisha hata kidogo, na hapo ndipo tulipopaswa kushtuka. Kila asubuhi walishika fimbo zao wakaelekea Keko, wakarudi midomo inang'aa, na chakula cha mchana wakakigusagusa tu kwa adabu.

"Mwanangu," mavyaa akaniuliza, "umewahi kuona mtu anayenenepa kwa kutembea?"

Akaulizauliza sokoni, akapata jibu. Asubuhi iliyofuata tukavaa mabuibui, tukafunika nyuso, tukawatangulia hadi kwa mama mmoja aliyeuza supu ya makongoro kando ya njia. Mavyaa akamnong'oneza. Yule mama akacheka hadi akashika ubavu, kisha akampa upawa. Mimi nikajibanza nyuma ya sufuria, nimeuma ncha ya buibui.

Wazee wakafika, wakaketi kama watu wa nyumbani.

"Tuwekee yenye mafuta," baba mkwe akasema. "Kwangu siku hizi napewa mchuzi kama maji ya kunawia mikono."

"Afadhali wewe," rafiki yake akadakia. "Wangu ananipikia maharage utadhani nimefungwa."

Mavyaa akachota supu, akawapa. Baba mkwe akaonja, akasogeza bakuli mbele.

"Ongeza chumvi, mama. Mungu akubariki."

"Ile niliyoifungia sandukuni nikuletee na yenyewe?" mavyaa akauliza, akafunua uso.

Sijawahi kuona mtu mzima akimeza pande zima la kongoro bila kutafuna. Alipopata pumzi akamnyooshea rafiki yake kidole. "Mimi nilikuwa namsindikiza huyu."

"Na mimi," rafiki akasema, "nilikuwa namsindikiza yeye."

Nikacheka hadi nikasahau kwamba yule ni mkwe wangu na kwamba nilipaswa kuona haya.

Haukupita muda mrefu, kiharusi kikampiga yule rafiki alipokuwa anafunga kamba za viatu. Upande mmoja wa mwili ukalegea, mdomo ukaenda kando. Baba mkwe alikaa siku nzima kando ya kitanda cha rafiki yake. Jioni mgonjwa akajilazimisha, maneno yakamtoka kwa shida.

"Unaogopa nini? Mimi ndiye niliyekuwa namalizia bakuli lako."

Baba mkwe akacheka, kisha akajifuta macho kwa kiganja. Tangu siku ile hakuomba chumvi tena. Kiko alikiacha kwa matusi, akakirudia, akakiacha tena.

Rafiki yake alijifunza upya kutembea akiwa amemshika baba mkwe bega. Walizunguka nyumba zetu mbili polepole, asubuhi na jioni, wakiyasema vibaya mapishi ya wake zao kwa sauti ya makusudi ili tusikie. Mavyaa naye alijibu kutoka jikoni, tusi kwa tusi. Wanangu wawili wa kwanza walijifunzia kutembea hapo hapo, nyuma ya wazee hao, na mara nyingi watoto ndio waliowapita.