Mtoa funza wa Ng'ambo

Jirani yangu mtoa funza hashiki mguu wa mtu kabla hajautemea mate na kuufuta kwa upindo wa kanga. Kisha huinama mpaka pua iguse ukucha. "Tumbo jeupe kama punje ya mtama, jicho jeusi katikati. Funza huyu! Tulia, mwanangu." Aliwahi kumtoa mmoja mkubwa mpaka jogoo wangu akamkimbia. Juzi, siku moja kabla ya kwenda kucheza harusi ya mjukuu wake Mwanne, nikamwona anaingia kwangu akichechemea. Nikamgeuza kisigino: tumbo jeupe, jicho jeusi. "Hiyo sugu tu, shoga," akasema, jasho likimtoka. Nilipochomoa pini kwenye kanga yangu, akarukia kitandani kwangu akimlilia marehemu mama yake. Nikamkalia mguu, nikautemea mate. "Tulia, mwanangu."