Cheti cha Serikali na Moyo wa Mama

Nilirudi kutoka Uganda na diploma, wa kwanza mtaani kwetu Kariakoo, na ukarani wa serikali ukanipa cheti cha kutibiwa bure mimi na mama yangu. Mama alikuwa mgonjwa wa moyo. Kupanda kibaraza tu kulimmaliza pumzi. Madaktari wa Uhindini walikikataa cheti changu kama noti bandia. Hatimaye daktari mmoja Mzungu, ng'ambo ya Mnazi Mmoja, akakipokea.

Nilimweleza maradhi ya mama kwa Kiingereza safi, na changu ni safi kweli. Akagusisha kipimo chake cha moyo juu ya kanga za mama kwa ncha za vidole, kama anayeshika panya aliyeoza, huku akiniuliza mimi nimesomea wapi. Kisha akanikabidhi chupa ya haluli. Dawa ya kuharisha, kwa mgonjwa wa moyo!

Njiani mama aliketi chini uwanjani Mnazi Mmoja, akihema.

"Mwanangu, yule kasikiliza Kizungu chako. Moyo wangu kausikiliza nani?"

Nikaimwaga haluli mchangani palepale, nikamshika mkono turudi Uhindini, safari hii kwa mshahara wangu.