Samaki Aliyetumbuliwa Ndani ya Lema

Changu wa kwanza kutoka katika lema la Aidarus asubuhi ile hakuwa na matumbo.

Alikuwa samaki mkubwa, na Kate alimshika kwa mikono miwili huku akicheka kwa furaha. Akamgeuza ili apigwe picha vizuri. Tumbo likafunguka kama mkoba. Ndani mlikuwa mweupe, mmesafishwa na kuoshwa. Magamba hana. Matamvua hana.

"Griffins," Kate akamwita mumewe, kicheko kimemkauka. "Huyu samaki ameingia mtegoni akiwa tayari kwa sufuria."

Tulikuwa tumesimama katika maji ya magoti, chini ya Mji wa Kale, siku ya bamvua, bahari imekupwa hadi mawe na nyasi za chini zikawa nje. Lema ni mtego wa kusuka kwa fito za mwanzi, wenye mdomo unaomruhusu samaki kuingia na kumnyima njia ya kutoka. Hili lilikuwa la Aidarus, na sisi watatu tulikuwa wageni wake wa siku hiyo. Kate na Griffins walizaliwa kando ya ziwa, huko bara, na Griffins alikuwa akifanya kazi reli hapa Mombasa. Mimi nilikuwa nimetoka kutembea Vietnam, katika vijiji ambako wageni huingizwa matopeni kupanda mpunga na kufundishwa kurusha wavu mtoni, nikatamani kuona kazi kama hiyo ikiendeshwa na mtu wa Mombasa.

Aidarus alimchukua yule changu mikononi mwa Kate. Akatia kidole tumboni, akakitoa, akakitazama. Akatia mkono ndani ya lema, akatoa wa pili. Naye vivyo hivyo. Wa tatu alikuwa na mkato wa kisu uliopita sawasawa kutoka kidevuni hadi mkiani, kazi ya mtu anayejua kazi yake.

Nimewaona watu wakipewa habari za msiba wakiwa na nyuso tulivu kuliko uso wa Aidarus.

"Subhanallah," akasema. "Lema langu limefunguliwa."

Sikuelewa mara moja. Mimi na wenzangu tulikuwa tumeduwazwa na samaki. Yeye samaki hakumshughulisha. Lililomshtua ni kwamba mkono wa mtu mwingine ulikuwa umeingia katika mtego wake.

Katika watu wa malema, jambo hilo halina mzaha. Mtego unalala majini usiku na mchana bila mlinzi, na kinachoulinda ni kwamba hakuna anayeugusa isipokuwa mwenyewe. Hata ukiukuta umepinduliwa na mawimbi, huuinui. Unakwenda kumwita mwenyewe. Anayefungua lema la mtu hupoteza mahali pake pwani. Hakuna atakayetega karibu naye, na hakuna atakayenunua samaki wake, maana nani ajuaye wametoka wapi?

Aidarus aliyajua haya tangu utotoni. Mjomba wake alimfundisha kusuka kwenye baraza ya nyumba yao, fito zikimchana vidole, na kila alipokosea mjomba alifumua kazi yote. Baadaye akapata kazi ya ofisini, kwa wakala mmoja wa kutoa mizigo bandarini, akawa mtu wa shati lililopigwa pasi, na malema yakabaki kazi ya mapumziko. Ofisi ikafungwa. Akakaa nyumbani. Mkewe alikuwa ameshafariki. Binti yake Lamis aliniambia kwamba mwaka ule baba yake alikuwa akisalimia tu, hasemi neno lingine, na kwamba alipomwona siku moja ameketi barazani anachana mwanzi, aliingia ndani akalia kwa furaha. Lamis ndiye aliyewaza kuleta wageni: waketi na baba, wajaribu kusuka, washuke naye majini kuinua lema, kisha warudi nyumbani apike walichopata. Aidarus akapata watu wa kuwafokea kwa fito zilizopinda, na ulimi wake ukarudi, mkali kuliko zamani.

Ulimi huo ndio ulioharibu mambo.

Karibu nasi alikuwa Charo, mtegaji mwenzake kutoka Kisauni, akikagua malema yake mwenyewe. Aliona samaki aliyeshikwa na Aidarus, akasogea, akachungulia lile tumbo tupu, akacheka hadi akashika magoti.

"Yakhe Aidarus! Lema lako siku hizi lina jiko? Basi kesho litutolee wa nazi!"

Wageni tungecheka pia. Lakini Aidarus aliinua uso, na katika kicheko kile akaona ushahidi.

"Ni weye!"

"Mimi nini?"

"Umefungua lema langu. Umenitilia mizaha ndani, unidhalilishe mbele ya wageni."

Charo bado alikuwa na tabasamu, ila lilikuwa limeanza kuganda. "Aidarus, utazame mdomo wako unavyokwenda. Kuna watu wanasikia."

"Na wasikie!" Aidarus akageukia ufuoni, akapaza sauti kama mwadhini. "Msikie nyote! Huyu ni mfungua malema ya watu!"

Pale ufuoni walikuwapo wavuvi kadhaa na wanawake waliokuja kununua. Mmoja wao alikuwa Rispah, anayekaanga samaki mtaa wa Bondeni na ambaye huchukua mzigo wa Charo karibu kila siku. Alikuwa ameshawatia tafi wa Charo ndooni. Akawatoa mmoja mmoja, akawarudisha katika kikapu cha Charo bila kumtazama usoni.

"Si kwa ubaya, Charo," akasema. "Wateja wangu wataniuliza samaki wametoka lema la nani."

Charo alipanda ufuoni, akakitazama kikapu kile kana kwamba kilikuwa kimemtemea mate. Wavuvi waliozoea kukaa naye kwenye ukuta wa ufuoni wakainuka, kila mmoja na udhuru wake, wakaenda kukaa mbali. Sijawahi kuona mtu akivuliwa heshima yake upesi namna ile.

Tukapanda kurudi mjini kupitia vichochoro, Aidarus mbele akisema peke yake, sisi nyuma tumebeba changu watatu ambao hakuna aliyejua la kuwafanyia. Kate akapunguza mwendo, tukabaki nyuma.

"Si yule," akaninong'oneza. "Mtu akitaka kukucheka hutia kiatu mtegoni. Huyu aliweka samaki wazuri, wa bei. Alitaka turudi na furaha. Aliyefanya hivi anatupenda."

"Anatupenda," Griffins akasema, "ila hajui samaki."

Lamis alitupokea mlangoni, nazi imeshakunwa, mkaa umeshashika. "Mmepata?" akauliza. Nilimwona akiuliza kwa wasiwasi wa mtu anayengoja majibu ya mtihani. Aidarus akamnyoshea changu.

Lamis alimwangalia samaki. Akaliona lile tumbo. Akajifunika mdomo kwa mkono.

"Charo amenivunjia heshima," Aidarus akasema, "lakini na yeye ameipata. Nimemtangaza pwani nzima. Rispah amemrudishia samaki wake wote."

"Baba."

"Hatatega tena pale, wallahi!"

"Baba, si Charo. Ni mimi."

Nilidhani Aidarus hakusikia, kwa jinsi alivyoendelea kusimama. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha kuomba aambiwe vingine. "Weye? Maji ya vifundoni huyawezi, weye. Hata uduvi unakuogofya."

Lamis akaonyesha uani kwa kidole. Kwenye kamba lilikuwa linaning'inia buibui lake, limelowa hadi kiunoni, limeshika mchanga na majani ya bahari. Alikuwa ameshuka baada ya sala ya alfajiri, peke yake, anateleza kwenye mawe, mfuko wa samaki kichwani. Mlango wa lema alijua kuufungua. Alimwona baba yake akiwaonyesha wageni mara nyingi.

"Samaki nilimwagiza jana Fahmi, muuza samaki wa sokoni," akasema. "Fahmi ananijua. Kila samaki ninayemwagiza hunitumbulia na kunitolea magamba, hata sihitaji kumwambia. Sikukumbuka kumkataza. Kule majini kulikuwa bado na kiza, niliona vichwa tu, nikawatia."

Griffins akageukia ukutani. Mabega yalimtikisika. Kate akampiga kofi la mgongo anyamaze.

"Kwa nini?" Aidarus akauliza. Sauti ilikuwa imepungua sana.

"Wageni wa mwisho walirudi mikono mitupu. Na wale wa kabla yao. Mmoja ameandika mtandaoni kwamba tuliwaonyesha mawe. Baba, wakiacha kuja, utarudi kukaa vile." Hakusema vile vipi. "Ninatazama video za Vietnam, wanavyofanya kule. Mgeni anarusha wavu mara moja, samaki tele. Kila video, samaki tele!"

Nikamwambia ukweli kuhusu niliyoyaona. Asubuhi nzima nilirusha wavu katika mto mmoja wa Vietnam, nikapata majani na kandambili moja, na mwenyeji wangu alicheka hadi akalazimika kuketi. Siku nyingine nilipanda mpunga, nikajiona hodari, mpaka nilipogeuka na kumwona mama mwenye shamba anakuja nyuma yangu, anang'oa kila mche niliouweka na kuupanda upya. Alipoona nimemwona, akanipungia mkono kwa furaha, akaendelea kung'oa. Ile ndiyo siku ninayoikumbuka zaidi. Hakuna aliyenidanganya kwamba mimi ni mkulima.

Lamis alinisikiliza. Aidarus hakunisikiliza. Jambo lingine lilikuwa limemjia, na nililiona likimjia: macho yalimtoka, mkono ukatafuta ukuta.

"Na wale tafi wa mwezi uliopita?" akauliza. "Lema lile lililojaa?"

"Wale walikuwa wako, baba."

"Niapie."

"Wallahi walikuwa wako. Si walikuwa wakiruka? Walikuwa hai! Fahmi atanipatia wapi tafi walio hai?"

Aidarus akawaza. Akakubali kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyenyang'anywa nyumba akaachiwa chumba kimoja. Kisha akakaa kwenye ngazi na kusema, si kwetu, "Nimemtukana Charo."

Aliposimama alikuwa ameshachukua kofia yake.

"Nitakwenda mimi," Lamis akasema. "Kosa ni langu."

"La lema ni lako. La Charo ni langu. Vaa, twende."

Tulimkuta Charo palepale ukutani, peke yake, kikapu kimefunikwa gunia lililoloweshwa. Jua lilikuwa limepanda na nzi walikuwa wamekijua kikapu. Wenzake walikuwa wamekaa upande wa pili, na waliponyamaza wote kwa pamoja, Lamis akasimama katikati na kusema kwamba yeye ndiye aliyefungua lema la baba yake na kutia samaki ndani.

"Binti wa Aidarus?" Athmani, mkubwa wa wavuvi pale, akashangaa. "Majini? Na buibui?"

"Na buibui," Lamis akajibu.

Pakawa na zogo, wengine wakicheka, wengine wakisema astaghafiru. Charo hakucheka. "Umemaliza, mwanangu," akamwambia Lamis kwa upole. "Kaa kivulini. Mimi nina maneno na baba yako."

Aidarus akasogea. "Nimekukosea. Unataka nini? Chukua lema. Likate, lichome, ni lako."

"Lema lako nilifanyie nini?" Charo akasema. "Asubuhi ulitangaza. Tangaza."

"Nimeshasema, hawa wamesikia."

"Hawa walisikia, wakaenda nyumbani wakasema. Sasa tutawafuata waliosikia nyumbani."

Wakaondoka, Charo mbele na kikapu, Aidarus nyuma yake, sisi na Lamis tukifuata. Walianzia Bondeni kwa Rispah, aliyekuwa na karai lake motoni na wateja wamejipanga. Aidarus akajikohoza, akanong'ona jambo ndani ya ndevu zake.

"Sauti ya asubuhi ilikuwa kubwa kuliko hiyo," Charo akasema.

Aidarus akavuta pumzi. "Charo hakufungua lema la mtu! Aliyefungua ni mwanangu, na aliyemsingizia ni mimi!"

Rispah alisimama na upawa mkononi, mafuta yakidondoka. Aliweka upawa chini, akafuta mikono kwenye leso, akamwambia Charo, "Basi mimi nami nimekukosea," akaanza kuchagua katika kikapu wale ambao jua lilikuwa halijawaharibu. Hawakuwa wengi.

Tukaenda Makadara. Mbele ya maduka, mbele ya mikahawa, kwa muuza kahawa, Aidarus alirudia maneno yaleyale, na kila mara nilimwona yakimkwaruza koo upya. Watu waliacha vikombe vyao. Kijana mmoja akamtania, "Rudia, mzee, sikusikia vizuri!" Aidarus akamkazia macho kwa ukali wake wote wa zamani, kisha akarudia.

Kikapu kilikuwa kimebaki na samaki wachache tu, na jua limeanza kuegemea, alipopangusa uso na kuuliza, "Basi? Tumemaliza?"

"Bado kwa mkwe wangu," Charo akasema.

"Mkweo yupi?"

"Mama yake mke wangu. Kisauni."

Aidarus akapigwa na bumbuwazi. "Mkweo wa Kisauni amejuaje?"

"Alipigiwa simu kabla hujamaliza kunitukana. Ameuliza kama binti yake ameolewa na mwizi." Charo akakiweka kikapu chini, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sauti yake ilikatika. "Mimi uso wa mama yule siwezi kuutazama, Aidarus. Utatangulia wewe."

Aidarus akainama, akakichukua kile kikapu, akakitia begani mwake bila kujali maji ya samaki yaliyomchuruzika kwenye kanzu, akauliza, "Huyo mama tunamwitaje, nisije nikakosea tena?"