Mti wa Peasi na Kundi la Watu Kumi na Saba

Majani ya mti wa peasi wa marehemu baba yalianza kugeuka njano mwezi wa tano, masika yakiishia. Mama ndiye aliyeona kwanza. Alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akasema, "Mti wa baba yako unaumwa. Wewe si una simu?"

Baba aliubebesha mwenyewe kabla sijazaliwa: alichukua kikonyo, kijitawi kichanga, cha mti wa mtu, ambaye leo hakuna anayemkumbuka, akakiotesha kwenye shina la mti mwingine. Peasi zake ni ndogo, za kahawia, na sijaziona penginepo, si sokoni Lushoto wala kwa wachuuzi wa Mombo. Mti ukifa, peasi hizo zimekwisha. Mama hakulisema hilo. Alijua ninajua.

Nilipiga picha upande wenye mwanga mzuri, milima ikionekana nyuma, nikaiweka kwenye mtandao ule mkubwa ambao kila mtu yumo. Hadi jioni walioipenda walikuwa mamia. Nilisoma maoni yote, moja baada ya jingine. "Lushoto pazuri jamani!" "Mwagia maji ya sabuni." "Kuna mtu ana kijicho na nyie." "Shamba linauzwa?" Mmoja wa Dar alisema huo ni mwembe na unataka samadi, wawili wakabishana naye mpaka wakafika kwenye mpira. Walikuwa watu wema. Ila hakuna aliyeniuliza swali hata moja kuhusu mti.

Binamu yangu akaniingiza kwenye kundi la simu la watu wanaobebesha miti ya matunda. Tulikuwa kumi na saba tu, karibu wote wakulima wa huku juu, na mmoja wa Mnazi, kule bondeni kwenye joto, ambako peasi haioti kabisa lakini yeye hakosi neno. Nikatuma picha ileile. Kesho yake akajibu mwalimu mmoja mstaafu, mama wa upande wa Soni.

"Karibu mgeni. Hiyo ni picha ya watalii. Tuonyeshe miguu."

"Shikamoo mwalimu. Miguu yangu?"

"Marahaba. Ya mti, mwanangu. Yako tutaiona siku ya harusi."

"Na harusini tule peasi," akadakia wa Mnazi.

Hiyo ndiyo kanuni yao: picha ya jani bila picha ya shina haijibiwi. Nikaenda nikapiga picha ya shina.

"Mbona mti umezama kama nguzo ya umeme?" akauliza mwalimu. "Kovu la kubebeshea liko wapi?"

Hapo nikaelewa. Mwezi wa pili nilichimba matuta ya ngazi upande wa juu wa ule mti, kama tunavyofanya wote huku mvua isitubebee shamba. Udongo uliobaki niliurundika kwenye shina hadi magotini, nikaushindilia kwa miguu, nikidhani naufunika vizuri. Kovu ambalo baba alikuwa akinionyesha kwa kidole lilikuwa chini huko. Niliandika kila kitu bila kuficha.

"Mimi nimeua mitatu hivyohivyo, gome likifukiwa linaoza," mwalimu akajibu. "Fukua kwa mikono, jembe litachuna gome. Halafu utoe vikonyo kwa watu wawili wavibebeshe, kila mmoja na mlima wake. Hata kama mti unapona."

Nilifukua asubuhi nzima. Gome lilikuwa jeusi, laini, linanuka. Mama alikaa kando akipokea udongo kwenye beseni.

"Nani alirundika huu?"

"Mimi."

Akaenda kuumwaga kwenye maboga.

Mwezi wa saba nilikata vikonyo kwenye matawi ya juu yaliyokuwa bado na ubichi, nikavifunga kwa kitambaa chenye maji, nikavituma Soni kwa mwalimu, na Mlalo kwa mwenzetu mwingine wa kundi. Mwezi wa tisa miti ya peasi ya majirani ilichanua. Wetu haukutoa hata jani.

Kisha ikaja picha kutoka kwa mwalimu, miguu kwanza: shina jembamba, kovu bichi likiwa kiganja kizima juu ya ardhi, na juu yake majani manne.

Nikampa mama simu. Akaikuza picha kwa vidole viwili. Hakutazama majani, alitazama miguu ya mti.

"Huyu mwalimu udongo kauweka mbali na kovu," alisema. "Mwambie mti ukikomaa nitafuata kikonyo mwenyewe."