Benchi la Wegesa Lililotazama Nkongore

Asubuhi hii Wegesa Heche anachoma mihogo karibu na stendi ya Tarime, na amekasirika. Anageuza kipande kimoja kimoja juu ya makaa, anakipasua, anakipaka chumvi na pilipili, huku macho yakirudi kwenye mashimo manne yaliyo wazi ardhini. Jana palikuwa na benchi hapo. Limeng'olewa na vibarua wawili waliotumwa na Bwana Afya, Nikolaus.

"Angechukua jiko ningemwelewa," anasema mama huyu wa watoto watano, mkazi wa Nyamisangura. "Benchi limemkosea nini?"

Kisa chenyewe kilianzia mbali, baharini. Januari mwaka huu wa 1977, Wegesa alikwenda Unguja na kikundi cha ngoma kutoka Tarime, kwenye sherehe za Mapinduzi. Jioni wakapelekwa Forodhani, ile bustani ya zamani ya ufukweni, mbele ya majumba ya masultani. Wenzake walishangaa bahari. Yeye alishangaa walaji.

Kwao mwanamume mtu mzima hali njiani. Mkwe wake akipita akamkuta anatafuna, ni aibu kwa wote wawili. Basi wateja wa Wegesa walikuwa wakinunua muhogo, wanaufunga kwenye gazeti na kwenda kujificha nao nyuma ya choo cha stendi. Chakula, nyuma ya choo! Hilo halikumsumbua ofisa yeyote.

"Forodhani nikaona watu wazima na kanzu zao wamekaa juu ya ukuta wa mawe," anasimulia. "Barabara wameipa mgongo, wanatazama maji. Wanakula mishikaki, wanakula pweza. Anayepita haoni mdomo wa mtu. Nikasema, kumbe dawa ni kugeuka tu."

Aliporudi akamwomba fundi amtengenezee benchi la mikaratusi. Kwanza alikosea: alilielekeza barabarani ili wateja waone mabasi. Hakukaa mtu. Akalichimbia upya, likatazama mlima Nkongore, na haikupita wiki likajaa. Mauzo yalipanda mara mbili, na watoto wakapata sare za shule.

Ndipo Bwana Afya akaja. Akasema kula hadharani ni uchafu, tena ni kinyume cha mila. Wegesa akamwamkia kwa heshima, kisha akamuuliza mbele ya wateja, "Ndugu Nikolaus, Forodhani si tulikuwa wote?"

Walikuwa wote. Nikolaus ndiye aliyeongoza msafara. Wacheza ngoma wawili wanasema alikula pweza sahani mbili, akalamba vidole, akaomba aongezewe pilipili. Kwa hilo hakuna wa kumlaumu, pweza ni mtamu. Kinachochefua ni mtu kustarehe ukutani kwa watu, kisha kuja kuwanyima wa kwao kijibenchi cha miti.

"Kule ni kule, mama," alijibu Nikolaus. "Hapa ni Tarime."

Gazeti hili lilipomfuata ofisini kumuuliza kuhusu pweza, alisema ana kazi nyingi.

Kisyeri, dereva wa lori la ushirika, anapokea muhogo wake na kulitazama gazeti aliloviringishiwa. "Mura, ndiyo turudi chooni?" anamuuliza mwenzake.

Mwenzake anatikisa kichwa. Wanasogea kwenye yale mashimo, wengine wanawafuata, na punde wanaume kama sita wamesimama safu moja, barabara wameipa mgongo, wanatazama Nkongore. Wanatafuna bila haraka.

Wegesa anawaangalia, na kwa mara ya kwanza leo anacheka. Saruji imeadimika, lakini ameshaahidiwa mfuko mmoja, na mawe yamejaa mlimani.

"Ule ukuta wa Forodhani umewaona masultani wakija na wakiondoka, na bado upo," anasema. "Wangu nao nitaujenga kwa mawe. Waje na sururu zao. Na pale mwisho nitamwachia Nikolaus nafasi, maana kula anajua."