Kupima Kiti Verandani

Mwaka ule nilitaka kitu kimoja tu: kuchaguliwa katika timu ya klabu yetu kwa mbio za saa, zile ambazo kila mwendeshaji huachiwa barabara peke yake na kupimwa muda wake. Uchaguzi ulikuwa Jumapili. Kwa umri wangu hakukuwa na habari ya kungoja mwaka mwingine.

Baiskeli maalumu sikuwa nayo, kwa hiyo niligeuza ile ya kawaida. Nikasogeza kiti mbele na kukipandisha kidogo, nikashusha usukani, nikafunga juu yake vishikio vya kulazia mikono ili nijikunje, upepo usinikamate. Kazi hiyo niliifanyia verandani kwetu Mbuya nikitoka kazini, gurudumu la mbele likielekea mlangoni, na pimamaji ya kuazima juu ya kiti kuhakikisha kimelala sawa. Lakini kila nikiingia barabarani nilikuwa nateleza mbele. Uzito wote mabegani, vidole ganzi, kiuno kinawaka. Nikirudi, spana tena. Nilichoka mpaka nikaichukia ile baiskeli.

Ijumaa mke wangu alikuwa anaosha veranda. Yeye ni mtoto wa askari, amekulia kambini, na Kiswahili chake ni cha huko huko. Akamwaga ndoo mlangoni, akasimama kunitazama.

“Mzee, hii veranda inateremka,” akasema. “Unafikiri maji inaenda wapi?”

Maji yalipita gurudumu la mbele, yakapita la nyuma, yakamwagika uani. Mimi mwenyewe ndiye niliyemsimamia fundi aiinamishe sakafu ili mvua isiingie ndani. Wiki nzima nimekuwa nikipima kiti mlimani, ndiyo maana barabarani kiliinamia mbele! Nilicheka, ingawa hasira nilikuwa nayo.

Tukaihamishia baiskeli sebuleni, nikapima upya. Jumamosi asubuhi nilishika barabara ya Jinja na kiti kikatulia kabisa. Sikuteleza, vidole vilikuwa hai. Nikafurahi, kusema kweli. Kisha, kabla hata ya kufika mbali, kiuno kikawaka vilevile, nikalazimika kuinuka na kuendesha nimekaa wima hadi nyumbani.

Mke wangu akauliza kama kiti kimekaa sawa. Nikasema kimekaa.

“Na wewe?”

Nikamwambia kwenye baiskeli sasa hakuna tena cha kurekebisha. Akaniletea spana, nikaurudisha usukani juu ulipokuwa zamani, na Jumapili sikwenda.